Mfumo Ulioulipia Si Lazima Uwe Wako: Mwongozo Kamili wa Leseni za Programu na Haki ya Kuzirekebisha

Miaka michache iliyopita, kahawa ikiwa imeanza kushuka kutoka vihambani, niliitwa na chama kimoja cha msingi huko milimani juu ya Moshi. Mkutano mkuu ulikuwa umepitisha ushuru mpya wa chama kwa kila kilo, lakini kompyuta ya ofisini iliendelea kukata ule wa zamani. Karani alikuwa ameshapekua mipangilio yote asione pa kuubadilisha. Wakulima walikaa kwenye benchi na magunia yao ya kahawa ya maganda, wakisubiri risiti.

Nilifungua folda ya mfumo. Nikakuta faili moja kubwa la kuendeshea, hifadhidata, na picha ya nembo ya chama. Msimbo chanzo haukuwepo. Hayo ndiyo maandishi anayoyaandika mtengenezaji wa programu, na bila hayo fundi mwingine hana cha kusoma wala cha kurekebisha. Simu ya aliyetengeneza haikupatikana. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja: bei, tarehe, sahihi, na sentensi moja kwamba mfumo utafungwa na utafanya kazi.

Mama katibu akaniuliza, "Mwanangu, si tuliulipia huu? Sasa ni wa nani tena?"

Niliweza kuwatolea orodha ya wanachama na hesabu zao kutoka kwenye hifadhidata, kwa sababu hizo zilikuwa data za chama. Ushuru wenyewe ulikuwa umefungwa ndani ya lile faili, na sikuweza kuugusa. Msimu mzima waliandika kwa mkono kwenye leja.

Mwongozo huu nimewaandikia watu kama yeye: makatibu wa AMCOS na SACCOS (vyama vya ushirika vya mazao, na vya akiba na mikopo), wenye stationari za Double Road, walimu waliokabidhiwa maabara ya kompyuta, wenye zahanati, na mafundi vijana wanaoanza kuuza mifumo hapa Moshi na Arusha. Si lazima ujue kuandika programu. Unahitaji daftari, jioni mbili za utulivu, na moyo wa kuuliza maswali kabla ya kutoa hela.

Kwanza ujue unanunua nini

Ukinunua pikipiki, ni yako. Utabadilisha taa, utaongeza keria, utaipeleka kwa fundi yeyote wa Majengo au Pasua. Programu haiuzwi hivyo. Mara nyingi unachouziwa ni ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Programu yenyewe inabaki mali ya mwenye hakimiliki.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi. Mkataba wa TRIPS wa 1994, wa haki za mali ya ubunifu, unaozihusu nchi zote za Shirika la Biashara Duniani, Tanzania ikiwemo, unasema vivyo hivyo. Ulinzi huu hausubiri usajili; unaanza pale programu inapoandikwa. Kwa hiyo kunakili, kubadilisha na kugawa kunataka ruhusa ya mwenyewe, na leseni ikinyamaza juu ya mambo hayo, usidhani umeruhusiwa. Hata programu uliyoikuta mtandaoni na msimbo wake wote uko wazi, kama haina leseni, hujaruhusiwa kuirekebisha na kuigawa. Vijana wengi wanateleza hapo: wanaona msimbo unasomeka, wanafikiri ni wa wote.

Hatua ya 1: Orodhesha kila programu uliyonayo

Chukua daftari, chora safu sita: jina la programu, toleo, kompyuta iliyomo, nani aliiweka, leseni yake, na tarehe leseni inapoisha. Pita kompyuta moja baada ya nyingine. Usiishie kwenye zile unazozifungua kila siku. Andika pia ruta ya intaneti, kinasa picha za kamera za ulinzi, simu ya ofisi, na mashine ya EFD ya risiti za kodi, maana ndani ya vyote hivyo mna programu.

Safu ya "nani aliiweka" ndiyo itakayokupa taabu. Utakuta programu iliyowekwa na fundi wa miaka mitano iliyopita, hakuna risiti, hakuna anayekumbuka. Andika hivyo hivyo, "haijulikani". Hizo ndizo utakazoanza kuzishughulikia.

Kwa kompyuta za mtumba, geuza mashine uangalie kibandiko cha leseni ya Windows. Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani kwa kawaida inaishi na mashine hiyo. Ukiitupa mashine, huwezi kuihamishia leseni kwenye nyingine.

Hatua ya 2: Ipate leseni yenyewe

Usisome matangazo ya programu, soma leseni. Inapatikana sehemu tatu. Ya kwanza ni ndani ya programu: fungua menyu ya Msaada, kisha Kuhusu, ambayo kwenye skrini za Kiingereza inaandikwa About. Ya pili ni ndani ya folda ya programu, kwenye faili linaloitwa LICENSE au COPYING. Ya tatu ni kwenye tovuti ya watengenezaji. Ukiipata, ihifadhi kwenye folda moja pamoja na risiti ya malipo na tarehe uliyoipakua. Masharti hubadilika toleo hadi toleo, nawe unahitaji nakala ya yale uliyoyakubali wewe.

Hatua ya 3: Isome ukitafuta maneno haya

Leseni nyingi zimeandikwa Kiingereza kizito cha wanasheria. Hulazimiki kuelewa kila mstari. Tafuta vitu vichache, na ukivikuta pigia mstari.

Ukiona "licensed, not sold", umeambiwa waziwazi kwamba hujauziwa kitu, umeruhusiwa tu kukitumia. Ukiona katazo la "reverse engineer", "decompile" au "modify", umekatazwa kuifungua programu kuona inavyofanya kazi, na umekatazwa kuibadilisha. Ukiona "personal use" au "non-commercial", ni ya nyumbani. Ukiitumia dukani umevunja masharti hata kama hukulipia hata senti. TeamViewer, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, kwa mfano, ni bure kwa matumizi binafsi, lakini fundi anayeitumia kuwahudumia wateja wake wa kulipa anatakiwa leseni ya biashara. Jambo hili nalisema kila mara kwa mafundi wenzangu, na najua linawakera.

Kisha angalia idadi. Ni kompyuta ngapi, watumiaji wangapi, matawi mangapi? SACCOS yenye leseni ya watumiaji watatu ikiweka wa nne kwa kugawana nywila, imetoka nje ya leseni. Angalia pia muda: ni ya kudumu au ya mwaka? Ikiisha, utaendelea kusoma data zako, au mlango unafungwa nazo ndani? Swali hili la mwisho ni zito kuliko bei. Kama jibu halimo kwenye leseni, mwandikie muuzaji na uombe akujibu kwa maandishi.

Hatua ya 4: Zigawe kwenye mafungu

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kiingereza kina neno moja kwa "bure" na "huria", na kwa miaka mingi wenyewe wamekuwa wakieleza tofauti yake. Sisi tuna maneno mawili. Programu ya bure hulipii. Programu huria una uhuru nayo. Iko ya bure isiyo huria, na iko huria inayouzwa kwa hela.

Aliyeuweka uhuru huo kwenye maandishi ni Richard Stallman wa Marekani. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT, ambako walikuwa na printa waliyoirekebishia programu yake ili iwajulishe watumiaji karatasi inapokwama. Ikaja printa mpya ya Xerox, programu yake imefungwa, msimbo haupatikani. Karatasi zikawa zinakwama na hakuna wa kuirekebisha. Yeyote aliyewahi kusimama stationari na foleni ya wanafunzi wenye ripoti za utafiti anaielewa hasira ile. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na 1985 ukaanzishwa Wakfu wa Programu Huria. Uhuru anaoudai ni wa aina nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadilisha, kuigawa, na kugawa toleo ulilolibadilisha. Ukikosekana mmoja, si huria.

Kwenye daftari lako weka alama moja kati ya hizi.

Fungu la kwanza ni zilizofungwa: Windows, na mifumo mingi ya uhasibu inayouzwa madukani. Humo zimo za bure na za kulipia, lakini zote huna ruhusa ya kuzibadilisha.

Fungu la pili ni huria zenye masharti mepesi: leseni za MIT, BSD, na Apache 2.0 ya mwaka 2004. Unaruhusiwa kubadilisha na hata kuuza toleo lako bila kutoa msimbo. Sharti kubwa ni kuacha majina na tamko la hakimiliki la waliotangulia. Apache inakutaka pia useme ni mafaili gani umeyabadilisha. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika nchini, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, uko kwenye leseni ya BSD.

Fungu la tatu ni huria zenye sharti la kupokezana, na kubwa yao ni GPL. Toleo lake la pili ni la 1991, la tatu la 2007. Kwa watu wa Kilimanjaro naieleza kwa mfereji. Maji ya mfereji wa asili unayachepusha, unamwagilia migomba yako na kahawa yako, na hakuna anayekuuliza umepanda nini. Unachokatazwa ni kuwazibia wa chini yako. GPL ni hivyo: badilisha upendavyo kwa matumizi yako, lakini ukimpa mwingine, mpe na msimbo chanzo, na haki zile zile ulizopewa wewe. WordPress ya tovuti, Moodle ya masomo ya mtandaoni, QGIS ya ramani na Koha ya maktaba zote ziko huku. Mzizi wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, uko kwenye GPL toleo la pili.

Kuna ndugu wa GPL anayeitwa AGPL, naye anahitaji umakini. Ukibadilisha programu ya AGPL na kuiweka kwenye seva ili watu waitumie kupitia mtandao, unatakiwa uwape watumiaji hao nafasi ya kupata msimbo wa toleo lako, hata kama hujawapa programu yenyewe. SACCOS iliyoweka mfumo wa namna hii ili wanachama waangalie akiba kwenye simu inahusika. Mwenyekiti mmoja aliposikia hilo alishtuka akidhani salio za watu zitaanikwa. Hapana. Msimbo ni maelekezo ya programu. Data za wanachama ni kitu kingine kabisa, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hatua ya 5: Iliyofungwa, fanya unachoruhusiwa

Kukutana na programu iliyofungwa si mwisho wa njia. Nyingi zinakuruhusu kubadilisha kiolezo cha risiti, kuongeza safu, kuandika vifupisho vya amri, au kuunganisha programu nyingine kupitia mlango rasmi wa kubadilishana data. Hayo ni ndani ya ruhusa. Muulize muuzaji, "Naruhusiwa kuongeza nini bila kuvunja leseni?" Ni swali linalojibika.

Kila mwezi toa data zako kwenye muundo unaosomeka kokote, CSV (jedwali la maandishi matupu) ikiwezekana, na uzihifadhi nje ya mfumo. Fungua lile faili uhakikishe majina na salio vimo. Nimeona ofisi ikihifadhi faili tupu mwaka mzima.

Ukisoma mtandaoni kwamba mteja ana haki ya kurekebisha makosa ya programu au kuifungua ili iongee na nyingine, angalia aliyeandika yuko nchi gani. Umoja wa Ulaya unayo Direktivu (agizo la kisheria kwa nchi wanachama) ya 2009, iliyorithi ile ya 1991, inayompa mtumiaji halali baadhi ya haki hizo. Marekani inatoa misamaha inayopitiwa upya kila miaka mitatu, na mmoja wake unamhusu mkulima anayetengeneza trekta lake. Hizo ni sheria za kwao. Ukiwa Moshi, simama kwenye leseni yako na sheria ya hapa, na kama jambo lina hela nyingi, lipa wakili alisome.

Kukreki, yaani kuvunja kufuli la leseni, usifanye. Najua kila kona kuna mtu mwenye fleshi. Sheria ya hakimiliki inakataza, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa ukiukaji wa haki hizi kupitia kompyuta. Kwa fundi kuna sababu nyingine: faili la kukreki unaambiwa uzime kwanza ulinzi wa virusi ndipo lifanye kazi. Unaizima ngome ya kompyuta yenye fedha za wanachama, kwa neno la mtu usiyemjua.

Mashine ya EFD iache kama ilivyo. Pale huna habari ya leseni tu, una sheria ya kodi.

Na pale programu iliyofungwa inapoachwa na wenyewe, panga kuhama mapema. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki kwenye Windows 11. Mashine hizo bado ni nzima. Maabara za shule hasa zinaweza kuendelea nazo kwa Linux na LibreOffice, programu huria ya ofisi, na hakuna wa kuzihesabia kompyuta.

Hatua ya 6: Irekebishe programu huria bila kujiharibia

Nitaeleza kwa kazi niliyoifanya mwenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wanatumia Dolibarr, programu huria ya ankara na stoo, iliyo kwenye GPL toleo la tatu. Mama mwenye duka alitaka ankara iwe ya Kiswahili, iwe na namba ya gari lililobeba mzigo, na mahali pa sahihi ya dereva. Mabati yalikuwa yakipotea njiani na kila mtu anamtupia mwenzake lawama.

Kabla ya yote nilinakili kila kitu, hifadhidata na mafaili, kwenye diski ya nje, nikaurudisha mfumo mzima kwenye kompyuta nyingine ya majaribio. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu kuwa nakala.

Kisha nikatafuta kinachoandika ankara. Kwenye toleo lile ni faili linaloitwa pdf_sponge.modules.php. Sikulihariri lenyewe. Ukihariri faili la asili, siku ya kusasisha toleo jipya linalifunika na kazi yako yote inapotea, na mteja anakupigia simu saa mbili asubuhi. Nilitengeneza moduli ndogo kwenye folda ya custom, ambayo Dolibarr imeitenga kwa ajili ya nyongeza za watumiaji. Nikalinakili faili lile humo, nikalipa jina jipya, na jina la darasa (class, fungu la msimbo) ndani yake nikalibadilisha lilingane na la faili. Moduli nayo lazima itangaze kwamba ina violezo, la sivyo havitaonekana kwenye orodha.

Sasa angalia kichwa cha faili. Pana mistari kadhaa ya hakimiliki yenye majina ya watu na miaka, na chini yake aya inayotaja GPL. Usifute hata mmoja. Hao ndio waliokupa ruhusa unayoitumia. Chini yao niliongeza wangu: nimebadilisha faili hili, tarehe fulani, nimeongeza namba ya gari na sahihi ya dereva. Si adabu tu, GPL inakutaka utamke kwamba umebadilisha na uweke tarehe.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kazi yenyewe, badiliko moja kwa wakati, kila moja nikilihifadhi kwa git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, na maelezo ya mstari mmoja. Namba ya gari, nikajaribu, nikachapisha. Sahihi, nikajaribu, nikachapisha. Siku ya tatu tukahamishia dukani jioni baada ya kufunga hesabu.

Haki ya kurekebisha haimhusu mtu wa msimbo peke yake. Kutafsiri nako ni kurekebisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakusubiri kampuni iamue kama sisi ni soko la kutosha, kwa sababu leseni ilishawaruhusu. Kila nikiwafundisha walimu, mfano huu ndio unaowafumbua macho.

Hatua ya 7: Jua unachodaiwa ukiigawa

Duka lile likitumia toleo lake ndani ya duka, halidaiwi kumwonyesha mtu msimbo. Deni linaanza pale unapompa mwingine nakala. Nilipomfungia mwenye duka wa pili toleo lile lile, nilimpa msimbo wote, nakala ya leseni, na nikamwambia waziwazi kwamba na yeye anaweza kubadilisha au kumpa mwingine. Hela ya kazi yangu nililipwa. GPL haikatazi kuuza. Inakataza kumfungia mnunuzi mlango.

Programu zinazojengwa kuwa faili la kuendeshea zinataka uangalifu zaidi, kwa sababu msimbo haumo ndani. Uweke kwenye fleshi ile ile unayomkabidhi mteja, ndiyo njia rahisi na isiyo na mgogoro. Ukikosea na mwenye haki akakuandikia, usikae kimya. Kwenye toleo la tatu la GPL, kama ni kosa lako la kwanza kwake na ukalirekebisha ndani ya siku 30 tangu upate taarifa, haki zako zinarudi.

Na wewe mnunuzi una sauti. Ruta nyingi na simu za Android zina Linux ndani. Mwaka 2003 watu waligundua Linux ndani ya ruta ya Linksys WRT54G, wakaidai kampuni msimbo, ukatolewa, na mwaka uliofuata ukazaliwa OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ambao leo unarefusha maisha ya ruta zilizosahauliwa na viwanda. Barua yenyewe ni fupi: taja kifaa, toleo la programu yake, na useme unaomba msimbo chanzo wa sehemu zilizo chini ya GPL.

Kumbuka pia kwamba leseni huria karibu zote zinasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ikikosea hesabu, huna wa kumshtaki. Kwa hiyo tenga hela ya fundi kwenye bajeti. Chama kinachochagua huria kwa kudhani hakitalipa kitu kitaumia.

Hatua ya 8: Ukiagiza mfumo wako, maliza kwenye mkataba

Hapa ndipo vyama vyetu vinapoteza. Kulipa fundi akutengenezee mfumo hakukuhakikishii kwamba hakimiliki imekuwa yako. Usiiachie sheria ikusaidie baadaye, andika sasa. Mimi natumia vifungu hivi, vichukue uvipeleke kwa wakili wako avikaze:

"Mtengenezaji atakabidhi kwa Chama msimbo chanzo wote wa Mfumo, maelezo ya hifadhidata, maelekezo ya kuujenga na kuusakinisha, na nywila zote, siku ya makabidhiano na kila mara Mfumo unapobadilishwa."

"Malipo ya mwisho yakikamilika, haki zote za kiuchumi katika sehemu zilizotungwa kwa ajili ya Chama zinahamia kwa Chama."

Fundi akikataa kifungu hicho cha pili, msikilize. Huenda mfumo huo huo anawauzia vyama kumi, na hiyo ni riziki yake halali. Basi mpe njia nyingine: "Mtengenezaji anabaki na hakimiliki, na anakipa Chama leseni isiyo na ukomo wala kufutwa, ya kutumia Mfumo, kuunakili, kuurekebisha, na kumpa fundi mwingine yeyote aurekebishe kwa niaba ya Chama." Kwa chama cha wakulima hii inatosha. Msichohitaji ni kuuza mfumo. Mnachohitaji ni kutozuiwa.

"Mtengenezaji ataambatisha orodha ya vipande vyote vilivyotungwa na wengine, pamoja na leseni ya kila kimoja." Akiwa amechukua kipande cha GPL akakifungia ndani ya mfumo anaowauzia, mjue kabla ya kusaini.

"Data zote ni mali ya Chama, na zitatolewa kwa muundo wa CSV wakati wowote Chama kitakapoomba, bila malipo ya ziada."

Kisha gawa malipo. Sehemu ya mwisho, nami nashauri isipungue theluthi, isitoke mpaka siku ya makabidhiano ipite salama. Siku hiyo isiwe ya chai na picha. Leteni kompyuta ya pili, ambayo fundi hajawahi kuigusa. Mumpe mtu mwingine, si aliyetengeneza, ile fleshi ya msimbo na karatasi ya maelekezo. Aujenge mfumo kutoka mwanzo, mbele ya kamati.

Chama kile cha milimani kilipoagiza mfumo wa pili, mama katibu alisimamia zoezi hili mwenyewe. Jaribio la kwanza lilikwama, maelekezo yalikuwa yamesahau kutaja maktaba moja ya programu, yaani kipande cha msimbo ambacho mfumo unakitegemea. Fundi akaandika ukurasa upya, wakaanza tena baada ya chakula. Mfumo ulipofunguka, alimwambia karani, "Haya, mwanangu, ongeza ushuru shilingi moja." Karani akabadilisha namba, akajenga upya, akachapisha risiti ya kilo hamsini. Mama akaikokotoa kwa kalamu nyuma ya bahasha, akalinganisha, ndipo akasaini hundi. Fleshi moja iliingia kwenye kabati la chuma la ofisi, na ya pili ikaenda kutunzwa benki pamoja na hati ya kiwanja.